Joe Louis Baada ya Kutundika Glovu

Mhariri aliponitaka niwaandikie habari za mwanamichezo mmoja mashuhuri, nadhani alitegemea nitachagua mchezaji wa mpira. Nimemchagua mwanamasumbwi, tena mtu wa zamani aliyefariki mwaka 1981. Siku zetu bwenini, aliyeshinda ugomvi aliitwa Tyson. Sikumbuki hata mmoja aliyeitwa Joe Louis. Jina hilo nilikutana nalo baadaye, nikiwa Chuo Kikuu, na miaka ya karibuni limenirudia kwa sababu ya kazi ninayoifanya. Mimi ni mtumishi wa serikali, na mezani kwangu hupita majalada ya watu wanaostaafu. Nimeona kuwa watu wengi hujiandaa kwa kazi miaka ishirini, wakaifanya miaka thelathini, lakini kwa kuiacha hawajiandai hata wiki moja. Mwanamasumbwi mambo yake ni magumu zaidi, maana yeye hustaafu akiwa na miaka thelathini na kitu, umri ambao wenzake ndio kwanza wanapandishwa cheo.

Basi ndugu zangu, wahitimu wenzangu pamoja na ninyi vijana mliopo shuleni sasa, habari za ulingoni nitazipitia upesi. Hizo zimeandikwa sana. Nitakaa zaidi kwenye yale yaliyomkuta baada ya hapo.

Joseph Louis Barrow alizaliwa tarehe 13 Mei, 1914, karibu na mji mdogo wa LaFayette katika jimbo la Alabama, Marekani, akiwa mtoto wa saba kati ya wanane. Wazazi wake walikuwa wakulima maskini wa mashamba ya watu, wao wenyewe watoto wa waliokuwa watumwa. Baba yake, Munroe Barrow, alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili wakati Joe ana miaka kama miwili. Baadaye familia ililetewa habari kuwa amefariki. Kumbe alikuwa hai, na aliendelea kuishi hukohuko hospitalini hadi mwaka 1938, wakati mwanawe amekwisha kuwa bingwa wa dunia. Naomba msomaji aiweke akilini habari hiyo ya baba.

Mama yake, Lillie, aliolewa tena, na mwaka 1926 familia ikahamia Detroit, mji wa viwanda vya magari. Kijana alipelekwa shule ya ufundi kujifunza useremala wa makabati. Mama alitaka pia ajue kupiga fidla, akawa anampa fedha za mwalimu wa muziki. Fedha zile Joe alizipeleka kwenye ukumbi wa mazoezi ya ngumi. Pigano lake la kwanza la ridhaa, mwaka 1932, aliangushwa mara saba. Angekuwa mwingine angerudi kwenye fidla.

Tarehe 4 Julai, 1934, aliingia katika ngumi za kulipwa mjini Chicago, na malipo yake yalikuwa dola 59. Wasimamizi wake, John Roxborough na Julian Black, walikuwa weusi kama yeye, na mwalimu wake, Jack Blackburn, naye hali kadhalika. Walimwekea masharti makali ya mwenendo: asicheke juu ya mpinzani aliyeanguka, asipigwe picha na mwanamke wa Kizungu, asijisifu. Wamarekani weupe walikuwa bado na kinyongo na Jack Johnson, bingwa wa kwanza mweusi, na nafasi ya mweusi mwingine kugombea taji ilikuwa finyu mno. Joe alitii. Alijifunza kunyamaza, na ukimya huo ukawa sehemu ya jina lake.

Sisi wa Afrika tuna sababu yetu ya kumkumbuka. Tarehe 25 Juni, 1935, wakati Mussolini anakusanya majeshi kuivamia Uhabeshi, Louis alipambana New York na Primo Carnera, Mwitalia mrefu mno. Alimmaliza raundi ya sita. Weusi wa Harlem walioshangilia barabarani usiku ule hawakuwa wakishangilia ngumi tu. Mwaka uliofuata alipigwa na Mjerumani Max Schmeling katika raundi ya 12. Tarehe 22 Juni, 1937, alimshinda James Braddock na kutwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu, na mwaka mmoja kamili baadaye alirudiana na Schmeling katika uwanja wa Yankee mbele ya watazamaji zaidi ya 70,000. Pigano lilikwisha kwa sekunde 124. Wakubwa wa Hitler walikuwa wamemfanya Schmeling bango lao, ingawa mwenyewe hakujiunga na chama chao. Kwa mara ya kwanza Wamarekani weupe kwa mamilioni walimshangilia mtu mweusi kama mtu wao.

Alikaa na taji miaka 11 na miezi minane, akalitetea mara 25. Uzito wa juu haujapata mwingine aliyefikia idadi hiyo katika utawala mmoja.

Sasa tuje kwenye fedha. Inakadiriwa kuwa mapigano yake yote yaliingiza kwa jina lake zaidi ya dola milioni nne, kiasi kikubwa sana kwa siku zile. Lakini nusu ilikwenda kwa wasimamizi, na gharama zikakatwa kwenye nusu yake yeye. Kilichobaki alikigawa kwa mikono miwili. Alimnunulia mama nyumba, akawasaidia ndugu, akafungua mkahawa wa kuku, akalipia timu ya softboli ya vijana wa Detroit waliokosa kazi, akaweka jina lake kwenye kinywaji. Biashara hizo karibu zote zilikufa. Alipenda pia suti nzuri, wanawake na gofu ya kamari, na kwenye gofu alipoteza fedha nyingi kwa watu waliomzidi mchezo. Hayo ni makosa yake mwenyewe, na wasimulizi wanaomfanya malaika hawamtendei haki. Ila liko jambo moja ambalo mimi, kama mtumishi wa serikali, siwezi kulipita. Familia yake ilipokuwa na njaa Detroit ilipokea msaada wa serikali. Joe alipoanza kupata, aliirudishia serikali msaada ule. Hakuna aliyemdai. Niwaambie ukweli, katika miaka yangu yote ofisini sijaliona jalada la namna hiyo.

Vita ilipoingia Marekani, alifanya kubwa zaidi. Januari 1942 alitetea taji dhidi ya Buddy Baer na kutoa mapato yake kwa mfuko wa kusaidia familia za wanamaji. Machi mwaka huohuo alipigana na Abe Simon, mapato yakaenda kwa mfuko kama huo wa jeshi la nchi kavu. Jumla ilipita dola 80,000. Kati ya mapigano hayo mawili alikuwa amekwisha jiandikisha jeshini kama askari wa kawaida, kwa mshahara wa dola 21 kwa mwezi. Lilikuwa jeshi lililowatenga weusi na weupe hata katika chakula. Alizunguka kambi za Marekani na za ng'ambo, akacheza mapigano ya maonyesho karibu mia moja mbele ya askari wapatao milioni mbili. Alitoka mwaka 1945 akiwa sajini, na nishani juu.

Alitoka pia na deni. Kwa karibu miaka minne hakuwa na pato la maana, na familia ilikula kwa mikopo aliyoichukua kwa promota wake Mike Jacobs na kwa Roxborough. Juni 1946 alirudiana na Billy Conn, akapata zaidi ya dola 600,000. Msomaji atasema, si basi, mambo yamekwisha? Hayakwisha. Wasimamizi walichukua fungu lao, wakopeshaji wakachukua lao, na mwenyewe akatumia kabla ya kukumbuka kodi. Viwango vya kodi ya mapato vya miaka ile vilipanda, kwa wenye pato kubwa, hadi karibu asilimia 90. Zaidi ya hayo, fedha zile alizozitoa kwa ajili ya wanamaji na askari, ambazo hakuzishika hata kwa siku moja, vitabu vya kodi vilizihesabu kuwa mapato yake.

Kufika mwaka 1950 deni lilikuwa limepita dola nusu milioni, na riba inaongezeka. Hebu tufanye hesabu ya darasani. Ukidaiwa dola 500,000, na katika kila dola 100 unayopata senti nyingi kiasi hicho zinakwenda kwenye kodi ya mwaka huu, unabaki na kidogo mno cha kupunguza deni la mwaka jana. Ukifanya kazi sana, kodi mpya inapanda. Ukifanya kidogo, riba inakupita. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, lakini deni la Joe Louis lilikuwa limepita uwezo wa dawa hiyo. Simlaumu ofisa wa kodi aliyeshika jalada lake. Jalada likifika mezani lina tarakimu na tarehe. Halionyeshi uwanja wa Yankee. Lawama yangu iko kwa waliokuwa juu yake, wenye mamlaka ya kusamehe, waliokwisha kumpamba mtu huyu kwenye mabango ya vita.

Tarehe 1 Machi, 1949, akiwa bado bingwa, alitangaza kustaafu. Alikuwa hajatimiza miaka 35. Angekuwa hana deni, habari hii ingekwishia hapo, na tungemtaja pamoja na Gene Tunney, aliyeacha ngumi mwaka 1928 akiwa na taji lake na hakurudi tena. Mwaka huohuo wa 1949 ndoa yake na Marva Trotter ilivunjika mara ya pili. Walikuwa wameachana mwaka 1945 na kuoana upya mwaka 1946.

Mwaka mmoja na nusu baadaye alirudi ulingoni. Septemba 1950 alipambana na Ezzard Charles kwa raundi 15, akashindwa kwa pointi. Aliendelea kupigana, akashinda mara nane mfululizo, hadi tarehe 26 Oktoba, 1951, alipokutanishwa na Rocky Marciano katika ukumbi wa Madison Square Garden. Marciano alikuwa na miaka 28, Louis 37. Waliosimulia pigano lile wanasema ngumi yake ya kushoto ilikuwa bado inajua njia, ila ya kulia ilikuwa haimtii tena. Katika raundi ya nane aliangushwa mara mbili, mara ya pili akapita katikati ya kamba na kubaki nusu nje ya ulingo. Marciano, aliyemhusudu tangu utoto, alikwenda kulia katika chumba cha Louis. Katika mapigano yote 69 ya kulipwa Louis alishinda 66 na kushindwa matatu. Mawili kati ya hayo matatu ni ya baada ya kustaafu. Yeye alikwisha sema basi; deni ndilo lililokataa.

Niwaombe vijana msome taratibu sehemu inayofuata, maana haimo katika filamu za masumbwi. Mama yake alifariki mwaka 1953, na fedha chache alizomwachia mwanawe, mia sita na kitu tu, zilichukuliwa kulipia kodi. Akiba aliyowawekea watoto wake nayo ilichukuliwa. Mwaka 1956, akiwa na miaka 41, aliingia katika mieleka ya maonyesho, ile ambayo mshindi hupangwa kabla, kwa sababu ililipa. Miezi michache tu, mpinzani mmoja mwenye uzito wa ratili zaidi ya 300 alimrukia na kumvunja mbavu, na moyo wake ukaumia. Madaktari wakamzuia. Akabaki kuwa mwamuzi wa mieleka, akizunguka miji midogo kwa malipo ya usiku mmoja mmoja. Bingwa aliyekuwa akisikilizwa redioni na taifa zima alikuwa sasa anatenganisha watu wanaojifanya kupigana.

Wengi waliona aibu kwa niaba yake. Yeye, kwa yote yanayojulikana, hakuona. Aliichukulia kuwa ni kazi, na kazi ni bora kuliko wizi. Hapo namheshimu kuliko nilivyomheshimu kwa sekunde zile 124. Nimewaona wakubwa wa idara, baada ya kustaafu, wakishindwa hata kupanga foleni benki kwa kuogopa kuonwa na waliokuwa makarani wao.

Liko pia jambo moja alilolifanya akiwa nje ya ulingo ambalo husahauliwa. Gofu, iliyomla fedha, ilimpa pigano jingine. Januari 1952 alialikwa kucheza kama mchezaji wa ridhaa katika mashindano ya San Diego. Chama cha gofu ya kulipwa cha Marekani kilikuwa na kifungu cha katiba kinachowaruhusu Wazungu tu, kikataka kumkatalia. Louis, aliyefundishwa kunyamaza tangu kijana, safari hii aliongea na magazeti kwa sauti kubwa. Chama kililegeza kwake, akawa mweusi wa kwanza kucheza katika mashindano ya chama kile, na aliendelea kuwasaidia wachezaji weusi wa gofu kwa fedha na kwa jina lake. Kifungu kilifutwa mwaka 1961.

Katika ndoa alibahatika mwishoni. Baada ya ndoa fupi na mfanyabiashara wa vipodozi wa Harlem, Rose Morgan, alimwoa mwaka 1959 Martha Jefferson, wakili wa Los Angeles. Martha alikuwa mtu wa kupanga mambo. Miaka ya mwanzo ya 1960 idara ya kodi ilikubali kumtoza kwa kipato chake cha wakati ule tu, bila kuyafuata malimbikizo, ambayo yalikuwa yamepita dola milioni moja. Deni halikufutwa rasmi. Liliachwa lilale ndani ya jalada. Kwa sisi tunaozijua ofisi, hiyo nayo ni namna ya kusamehe bila kutia saini.

Nafuu hiyo ilikuja akiwa amechakaa. Alitumia kokeini. Mwaka 1969 alianguka barabarani New York. Kisha akaanza kuamini kuwa wapo watu wanaotaka kumuua kwa gesi ya sumu. Kila chumba alicholala aliziba matundu ya hewa. Mwaka 1970 mkewe na mwanawe, Joe Barrow mdogo, walifanya jambo gumu kuliko yote ninayoyajua katika habari hii: walisaini karatasi za kumpeleka hospitali ya akili huko Colorado, kwa nguvu ya sheria. Alikaa miezi mitano. Hapa ndipo ninapomkumbuka Munroe Barrow. Baba aliingia hospitali ya namna hiyo akasahauliwa, na familia ikaambiwa amekufa. Mwana aliingia, lakini mkewe alikuwa akimsubiri, naye alitoka.

Alipotoka alipata kazi katika hoteli ya Caesars Palace mjini Las Vegas, mji wa kamari. Kazi yenyewe ilikuwa kupokea wageni: kuwapa mkono, kupiga nao picha, kucheza nao gofu, na kukaa kwenye meza za kamari akicheza kwa fedha za hoteli ili watu wavutike. Waandishi wengi walihuzunika, wakasema bingwa amegeuzwa pambo la mlangoni. Mimi nathubutu kutokubaliana nao. Alikuwa na nyumba, mshahara, mke, marafiki, na watu waliofurahi kumwona kila siku ya Mungu. Baada ya miaka ishirini ya kukimbizana na deni, hii ndiyo ilikuwa pensheni yake, na aliipata kwa kuwa vile alivyokuwa. Cha kuuliza ni kwa nini pensheni ya mtu aliyelipigania taifa kwa dola 21 kwa mwezi ilitoka katika hoteli ya kamari.

Max Schmeling naye alipoteza mali yake vitani, akalazimika kurudi ulingoni mwaka 1947 akiwa na miaka zaidi ya arobaini, kwa njaa tu, kisha akaacha mwaka 1948. Aliyemwinua alikuwa James Farley, aliyewahi kuwa kamishna wa ngumi New York na baadaye mkubwa wa kampuni ya Coca-Cola. Kwa msaada wake Schmeling alipata kibali cha biashara ya kinywaji hicho Hamburg mwaka 1957, akatajirika. Tayari mwaka 1954 alikuwa amesafiri hadi Chicago kumtafuta Louis, na tangu hapo wakawa marafiki. Ukiwaweka wawili hawa pamoja utaona kuwa akili zao hazikupishana sana. Mmoja alipata mtu wa kumfungulia mlango wa biashara alipoacha ngumi. Mwingine alipata barua za kodi.

Mwaka 1977 Louis alifanyiwa upasuaji mkubwa wa mshipa wa moyo mjini Houston, akapata kiharusi, na tangu hapo alitembea kwa kiti cha magurudumu. Hoteli haikumfukuza. Usiku wa tarehe 11 Aprili, 1981, alisukumwa hadi kando ya ulingo wa Caesars Palace kumwangalia Larry Holmes akitetea taji dhidi ya Trevor Berbick, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Kesho yake asubuhi moyo ulisimama. Alikuwa na miaka 66.

Jeneza lake liliwekwa ulingoni palepale hotelini, watu wakapita kumuaga. Kwa kanuni za wakati ule hakuwa na sifa ya kuzikwa katika makaburi ya taifa ya Arlington, lakini Rais Reagan aliiondoa kanuni hiyo kwa ajili yake, na tarehe 21 Aprili alizikwa huko kwa heshima zote za kijeshi. Imeandikwa mara nyingi kuwa Schmeling alikuwa miongoni mwa waliochangia gharama za mazishi. Yeye aliishi hadi Februari 2005, akafariki akiwa na miaka 99.